Mafundi wa Vijijini Waajiriwe Kufunza Sanaa Ukambani

Mwaka 1966, mvua zilipokatika katika jimbo la Bihar huko Bara Hindi na njaa ikawakabili wakulima, Halmashauri ya Kazi za Mikono ya nchi ile ilimtuma msanii Bhaskar Kulkarni kwenda vijiji vya Mithila na shehena ya karatasi, awashawishi wanawake waliozoea kunakshi kuta za vyumba vya maharusi wazihamishie nakshi zao karatasini, zipate kuuzwa. Hakwenda kuwafunza kuchora, kwa kuwa ilimu hiyo walikwisha kuirithi kwa mama zao: mistari miwili sambamba, na kati yake vistari vidogo vidogo, samaki, kasuku na mayungiyungi, rangi nyeusi ya masizi na ya njano itokanayo na manjano, na kalamu ya kijiti cha mwanzi kilichozungushiwa kitambaa. Alichowapelekea ni karatasi na soko, na miongoni mwao wakatokea Sita Devi na Ganga Devi, ambao serikali yao iliwatunuku nishani ya Padma Shri.

Michoro hiyo, iitwayo Madhubani, leo hufunzwa hata ugenini, na atakayependekeza wafunzwe vijana wa Kitui na Makueni hatakuwa amekosea. Wahindi si wageni huku, maana hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, lingali likiwalisha wasafiri bila malipo. Wala Wakamba hawakupata kuona haya kujifunza kwa watu wengine: uchongaji wa vinyago, ambao wachongaji wao waliuundia chama cha ushirika Mombasa, aliuleta Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika zama za Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini lililo bora kuigwa kwa watu wa Mithila si samaki wala kasuku, bali ule utaratibu wa kumtambua fundi aliyepo kijijini na kumpa nyenzo. Mafundi hao tunao. Yuko mama asokotaye nyuzi za mkonge au za gome la mbuyu juu ya paja lake, kisha akasuka kiondo akizihesabu safu za rangi kichwani, pasipo kuandika hata nukta moja. Yuko na mzee achoraye kibuyu kwa ncha ya kisu, kisha akasugua mkaa uliosagwa na mafuta ya mbarika ndani ya mikato, hata nakshi ikakolea. Hao, wakifariki kabla ya kupata wanafunzi, ilimu yao itazikwa pamoja nao.

Serikali za kaunti hazina udhuru wa kutowaajiri mafundi hao, kwani Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kazi za nyumbani na shughuli za utamaduni. Kadhalika, iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo mwanafunzi wa kiondo apaswa kufunzwa sambamba na ususi wenyewe, pamoja na hesabu ya gharama na bei, ili dalali asije akamlipa bei ya kutupa kwa kazi ya siku nyingi.

Watakuwapo watakaosema kwamba mafundi hawa hawana vyeti, na kwamba mali ya umma haiwezi kutumika kumlipa asiye na cheti. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau wangekuwapo wenye vyeti waijuao kazi kuwashinda. Ilivyo, aliye na shahada ya sanaa akitaka kujua kibuyu hutiwaje nakshi, hana budi kumwendea mzee yule yule. Basi mabunge ya Kitui na Makueni, yatakapojadili makadirio ya fedha, yaweke fungu la karakana za kuwafunzia vijana, na fundi apimwe kwa kazi ya mikono yake mbele ya mafundi wenziwe, kisha alipwe mshahara kamili wa mwalimu, si posho ya mgeni wa sherehe.