Kabla Hujasema "Hasikii", Mpeleke Akapimwe

Huku kwetu neno "hasikii" lina kazi mbili. Mwenye tatizo la masikio hasikii. Mtoto mkaidi pia hasikii. Sasa fikiria unakaa Shika Adabu, Likoni, halafu una sifa hiyo! Mdogo wangu yuko gredi ya pili na amechapwa nyumbani, shuleni na chuoni kwa neno hilo moja. Hata mimi nimempiga makofi, sitadanganya.

Kumbe alikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio. Mafua yalimwandama, ule mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua ukaziba, maji yakajikusanya. Hana usaha, halii usiku. Anatusikia tu kama mtu aliyepiga mbizi.

Kipimo kinachoonyesha hayo kinaitwa timpanometri. Kidude chenye mpira laini kinaziba tundu la sikio, kinabadilisha mgandamizo wa hewa huku kikitoa mlio, na mashine inachora vile ngoma inavyocheza. Ni sekunde chache tu, na hakuna sindano.

Mara ya kwanza, hospitali moja, mhudumu hakumwambia kitu. Alimchomeka tu. Dogo akalia, akageuza kichwa, hewa ikavuja, mashine ikagoma. Tukaambiwa mtoto ni msumbufu, tumrudishe siku nyingine. Nauli ndiyo hiyo imeliwa.

Mara ya pili tulienda kwingine. Dada wa huko aliuliza kwanza kama amewahi kupasuliwa sikio au kutoka usaha. Akamulika ndani: kuna nta? Kuna tobo? Kuna shanga imekwama? Hii si mbwembwe, kwa sababu nta iliyoziba au ngoma iliyotoboka pia inaweza kutoa mchoro bapa, na mtu akadhani ni maji. Akachagua mpira safi wa saizi yake, akampa dogo aushike. Akamwambia, "Utahisi sikio linaziba kama ukizama baharini. Usiongee, usitafune, usimeze mate." Dogo akatulia tuli. Mchoro ukatoka bapa, masikio yote mawili.

Najua mtasema foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Ni kweli kabisa. Lakini kipimo kilichoharibika kinarudiwa, kwa hivyo zile dakika mbili za kueleza ndizo zinazopunguza foleni. Na wewe mzazi au kaka, uliza: "Mmemulika ndani kwanza?" Uliza pia kipimo cha usikivu wenyewe, maana timpanometri inaonyesha hali ya sikio la kati tu, haisemi mtoto anasikia kiasi gani.

Na sisi nyumbani tuache mafuta ya moto, kitunguu saumu na vijiti vya pamba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Bakora haimo kwenye orodha ya dawa.

Tumeambiwa tusubiri miezi mitatu, mara nyingi maji hukauka yenyewe, kisha apimwe tena. Shuleni amehamishwa dawati la mbele. Jana nilimuomba msamaha. Akanitazama, akasema, "Ati nini? Sema kwa nguvu."