Kutoka Thika hadi Kipini: Hoja ya Safari Moja ya Siku

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Nairobi na viunga vyake vinapopanga safari ya mwaka, aghalabu macho huelekezwa pwani. Mombasa, Malindi na Lamu hutajwa kwanza, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa jarida hili. Hata hivyo, safari ya pwani ina gharama zake: nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili au tatu, na chakula. Wanaokwenda huwa wachache, na mwanachama aliyekosa fedha hubaki chuoni kungojea picha na masimulizi ya wenzake. Chama cha lugha kinachomwachia nje mwanachama wake kwa sababu ya nauli kina swali la kujibu.

Makala haya hayapingi safari ya pwani. Yanachodai ni kuwa ipo safari nyingine, ya siku moja, ambayo kila mwanachama anaweza kuimudu: safari ya kutembelea maporomoko ya maji yaliyo karibu na Nairobi. Yanadai pia kuwa safari hiyo ni ya Kiswahili hasa, wala si matembezi ya kupunga hewa yaliyovishwa joho la taaluma. Sharti ni moja tu. Wanaoipanga waanze na ramani ya mito, wasianze na orodha ya mandhari ya kupigia picha.

Tuitazame basi ramani hiyo. Mito miwili, Chania na Thika, hukutana katika mji wa Thika, yapata kilomita 45 kutoka Nairobi. Kabla ya kukutana, kila mmoja huporomoka kwenye mwamba wake, na katikati ya maporomoko hayo mawili imesimama hoteli ya Blue Posts, iliyokuwapo tangu 1908. Maji hayo yakishakutana huteremka hadi bwawa la Masinga, yakawa sehemu ya Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Nao Tana humalizia safari yake baharini karibu na Kipini. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kulisikia jina la Kipini asimkumbuke Fumo Liyongo, kwa kuwa mapokeo mengi ya shujaa huyo yanafungamana na eneo hilo la Ozi na mlango wa Tana. Kwa hiyo anayesimama Thika na kutazama maji yakianguka anatazama maji ambayo yameanza safari ya kwenda kwa Liyongo.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kwa barabara ya kuelekea Garissa, kuna maporomoko mengine yanayojulikana zaidi kwa jina la Kiingereza, Fourteen Falls. Haya yako kwenye Mto Athi, chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, na ndiyo yanayotajwa sana na wanaotafuta matembezi ya siku moja. Maji yake hayaelekei Tana. Athi huzunguka kusini, hukutana na Mto Tsavo, huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki, kisha humwaga maji yake kaskazini kidogo ya Malindi. Mto mmoja, majina matatu, na jumuiya kadhaa za lugha njiani. Ni somo gani la isimujamii lenye mfano mzuri kuliko huo?

Ila tofauti kubwa baina ya maporomoko ya Thika na yale ya Athi haimo katika majina. Imo katika maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Nairobi hutoka katika bonde la Tana: bwawa la Ndakaini liko kwenye Mto Thika, na maji ya Chania huchotwa kabla hayajafika mjini Thika. Jiji hunywa, hupika, huoga na hufua kwa maji hayo. Yakishatumika hayarudi yalikotoka. Yanayosafishwa katika mitambo ya maji taka ya Ruai huachiliwa katika Mto Nairobi, na yasiyosafishwa huingia mtoni yenyewe kupitia mitaro na vijito vinavyokatiza mitaa. Mto Nairobi nao huingia Athi. Kwa maneno mengine, jiji huchota maji katika bonde moja na kuyamwaga katika bonde jingine. Anayetembelea Chania asubuhi na Athi mchana ameyaona maji ya jiji kabla na baada.

Huko Athi, mgeni hupokewa na ngurumo ya maji na mandhari ya kuvutia kwelikweli, mikondo ikijigawa juu ya mwamba mpana. Akikaribia zaidi huona povu jeupe lisilo la mto, mifuko na chupa za plastiki zilizonasa kati ya mawe, na gugumaji. Siku nyingine harufu humfikia kabla ya manyunyu. Vipeperushi vya utalii havisemi hayo. Wapo watakaouliza kwa nini wanafunzi wapelekwe kutazama taka. Jibu ni kwamba taka hizo ni zao pia. Zimetoka katika mabweni, vyumba vya kupanga na mikahawa wanakoishi na kula, na ndizo zinazopita Malindi kila mwaka pamoja na tope linaloigeuza bahari rangi ya udongo wakati wa mvua. Mshairi anayeililia pwani akiwa Nairobi angefaa kujua maji yake ya kufulia yanakwenda wapi.

Kuna suala la majina, ambalo halistahili kupitwa. Mlima ulio juu ya maporomoko ya Athi una jina la Kimaasai, Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Wenyeji na makondakta wa matatu huuita Kilimambogo, na hapo Kiswahili kimejipatia mlima mzima bila kamati wala warsha. Maporomoko yaliyo chini yake, kwa upande mwingine, yamebaki na jina la Kiingereza hata katika vinywa vya watu wanaozungumza Kiswahili kutwa. Vivyo hivyo, mji wa Thika ulijulikana na wasomaji wa mbali kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, chenye jina la mji huo katika anwani yake. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya ni kuwa miongo mingi imepita, na anayetaka kuwaeleza wageni habari za mahali hapa kwa Kiswahili fasaha hana kijitabu cha kushika mkononi.

Uhaba huo una mizizi katika msamiati wenyewe. Kiswahili kilikulia mahali pasipo na miamba mirefu ya kuangushia mito, na ndiyo sababu kina utajiri wa maneno ya bahari: maji kupwa na kujaa, bamvua, maji mafu, mkondo, mlango. Kuhusu mto unaoanguka, mzungumzaji hubaki na neno maporomoko, ambalo hulazimika kuongezewa “ya maji” ili lisidhaniwe maporomoko ya ardhi. Baadhi husema maanguko. Je, lile bwawa la asili linalochimbwa na maji yanapoangukia laitwaje? Na ule ukungu wa matone unaopanda juu? Manyunyu na rasharasha ni maneno ya mvua, yanatosha hapa? Maswali haya hayawezi kujibiwa maktabani peke yake. Kule Kilimambogo kuna vijana wanaovusha wageni kwa mashua, na wengine wanaoruka kutoka juu ya mwamba kwa malipo. Wao huzungumza na wageni kwa Kiswahili, wakichanganya maneno ya Kikamba na Kikuyu pale Kiswahili kinapowaishia. Mwanafunzi mwenye daftari, anayesikiliza vizuri na asiyekimbilia kusahihisha, anaweza kurudi na istilahi ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Tena awalipe kwa muda wao. Utafiti wa nyanjani unaomwacha mtoa habari mikono mitupu haufai.

Kuhusu mipango yenyewe, mambo machache yatasemwa. Wakati unaofaa ni baada tu ya mvua, yaani Juni au Januari. Masika ya Machi hadi Mei hufanya maporomoko yawe makubwa lakini njia huwa tope na mto huwa hatari. Kiangazi kikizidi, maji hupungua na uchafu hujikusanya. Jambo ambalo wapangaji husahau ni kuwa mvua inayohusika si ile ya mahali wanapokwenda. Mvua ikinyesha usiku kucha Limuru na Kikuyu, Athi huweza kujaa Kilimambogo ilhali huko jua linawaka. Kwa hiyo anayeongoza msafara aulize hali ya mto kwa wenyeji asubuhi ile ile. Mawe yaliyoloa huteleza, na watu wamewahi kupoteza maisha mahali hapa. Kuogelea kusiruhusiwe kabisa, kwa sababu ya mkondo na kwa sababu ya maji yenyewe. Viatu viwe vya kushika ardhi, si vya kupendeza. Ada za kuingia hubadilika, na mhazini aziulizie kabla ya kutangaza mchango, kwani hakuna kinachoua imani ya wanachama kama mchango unaoongezeka ndani ya basi.

Kwa wale ambao hata nauli ya Thika ni mzigo, upo msitu wa Karura, ndani ya jiji lenyewe, wenye maporomoko madogo yanayofikiwa kwa miguu. Mwanafunzi wa chuo kikuu ana sababu ya pekee ya kwenda huko. Mnamo Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu huo, na wanafunzi wa vyuo vikuu jijini waliingia barabarani kuupinga unyakuzi huo. Miaka mitano baadaye Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kijito kinachoanguka Karura kinaishia Athi vilevile, hivyo safari ya Karura inaweza kuwa sura ya kwanza, na ile ya Kilimambogo sura ya pili, zikitenganishwa na wiki kadhaa ili kila mtu ajipange.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya idara ya jiografia. Yamkini. Lakini idara ya jiografia haitaandika kijitabu cha Kiswahili cha maporomoko ya Thika na Athi, chenye majina ya mahali, maelezo ya njia, maonyo ya usalama na faharasa ya maneno yaliyokusanywa kwa wavushaji. Kazi hiyo inawezekana kwa safari mbili na kundi la wanafunzi 20 waliogawana majukumu. Nakala chache zikiachwa kwa vijana wa mashua, huenda mgeni wa kwanza atakayeisoma akawa mwalimu wa shule ya msingi aliyewaleta wanafunzi wake.

Msafara uondoke chuoni saa moja asubuhi, uanzie Thika, ufike Athi kabla ya saa sita, na ugeuze saa tisa na nusu. Anayechelewa zaidi ya hapo atakutana na msongamano wa barabara ya Thika, na mashairi yaliyokusudiwa kusomwa njiani yatasikilizwa na watu waliolala.