Kitanda cha buku nane kilinigharimu laki mbili na ushee

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naomba tubishane kidogo.

Kuna ushauri unazunguka sana kwenye kurasa zetu na kwenye magrupu: ukienda Dar kufuata mzigo, lala popote. Gesti ya buku saba, buku nane, hata benchi la stendi, mradi hela yote iingie kwenye mzigo. "Hukwenda kulala, umekwenda kununua." Na mimi niliwahi kuuandika ushauri huo, tena kwa mbwembwe, nikaweka na picha ya kitanda chenyewe. Watu wakanipongeza kweli kweli. Leo naufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi niko Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Nauza mashuka, madera na mapazia kupitia WhatsApp. Wateja wangu wako hapa hapa, wengine Karema, wengine Mpanda mjini. Kariakoo naenda mara mbili kwa mwaka, mara tatu mwaka ukiwa mzuri. Asiyeujua umbali huo nimweleze: unatafuta gari la kukufikisha Mpanda, unalala, alfajiri unapanda basi. Sikonge, Tabora, Dodoma, Morogoro. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ukishuka pale stendi ya Magufuli, Mbezi, miguu imevimba na huwazi kingine ila kujinyoosha. Hapo ndipo akili ya kubana inapokuingia vibaya, maana umechoka na mfukoni una hela za watu.

Nasema hela za watu kwa sababu ndivyo tunavyofanya kazi. Ukitupia picha stetasi, mteja anachagua, anatuma nusu kama kianzio, wewe unakwenda. Safari ninayotaka kuwasimulia nilibeba vianzio vya watu 26. Wengi walikuwa wametoka kuuza mahindi, hela bado ina vumbi la shambani. Nilijiapiza kwamba hakuna shilingi itakayopotea njiani.

Nikaulizia gesti ya bei ya chini kabisa nisiyohitaji daladala kufika Kariakoo. Nikapelekwa kwenye kichochoro, hakuna kibao mlangoni, zile tunazoita gesti bubu. Elfu nane kwa usiku. Kitabu cha wageni hakikuwepo, niliulizwa jina tu na hata hilo halikuandikwa. Chumba kina kitanda, stuli moja na feni isiyozunguka. Godoro limebonyea katikati kama mtumbwi. Bafu ni la nje, la watu wote, ndoo moja. Ukuta wa upande wa kichwani una madoa madoa mekundu yaliyokauka, kama mtu alipitisha kidole chenye damu.

Hapo naomba nisijitetee. Yale madoa niliyajua. Nimekulia nyumba ya udongo, kunguni nawafahamu na alama zao nazifahamu. Nilisimama mlangoni nikapiga hesabu. Gesti nyingine niliyoulizia, yenye choo ndani, ilikuwa elfu ishirini. Tofauti elfu kumi na mbili, kwa siku tatu ni thelathini na sita elfu. Hiyo ni karibu seti tatu za mashuka kwa bei ya jumla. Nikaingia.

Kosa lenyewe hasa likaja siku ya pili. Nilikuwa nimeshazunguka Kongo na Aggrey, nimenunua seti 40 za mashuka, nimezipanga kwenye mabegi mawili ya shangazi kaja. Kitasa cha chumba kilikuwa kibovu, unabana mlango kwa stuli. Sasa ukiwa na mzigo wa laki tano na ushee na mlango haufungi, utauweka wapi? Niliusogeza ubavuni mwa kitanda, begi moja nikalilalia miguu ili mtu akivuta niamke. Nilijiona mjanja. Usiku kucha nilijikuna, asubuhi mikono imevimba mistari mistari, nikajicheka, nikaoga, nikaenda kumalizia madera. Usiku wa tatu vivyo hivyo.

Mnajua jina Kariakoo lilikotoka? Ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi pale. Huwa nawaza kwamba sisi wa mikoani ndio wapagazi wa sasa, tunalala popote kama wao. Tofauti ni kwamba wao walilazimishwa.

Nikarudi Sibwesa. Mashuka yakaenda kwa wiki moja, watu wamefurahi, picha za vitanda vimetandikwa zinatumwa kwenye grupu. Nilinunua kwa elfu kumi na tatu seti, nikauza kwa kumi na tisa. Kwenye daftari faida ilisoma 240,000 kabla ya nauli. Nikaandika ule ushauri wangu.

Kama wiki tatu baadaye, saa mbili usiku, bibi mmoja wa hapa kijijini alibisha hodi. Alikuwa mteja wangu, alinunua seti mbili kwa ajili ya mkwewe aliyekuwa ametoka kujifungua. Nikamwamkia, nikampa kiti. Alikuwa na kiroba mkononi amekifunga kwa kamba, akakiweka chini, mbali kidogo na miguu yake.

Akasema, "Mwanangu, nimekuja usiku ili watu wasinione. Haya mashuka uliyatoa wapi?"

Hakufoka, na afadhali angefoka. Akaniambia mtoto ana vipele shingoni na mapajani, walidhani ni joto, wakapaka poda. Mpaka mkwe alipowasha tochi usiku akaona wanatembea kwenye mshono wa godoro, la kwao jipya, lililonunuliwa kwa ajili ya uzazi. Nyumba ile haikuwahi kuwa na kunguni. Kitu pekee kilichoingia kutoka nje ni shuka langu.

Nilimrudishia 38,000 palepale. Alipoondoka sikulala. Si kwa ajili ya zile hela. Nilikuwa nawafikiria wale wengine walionyamaza. Wapo waliodhani ni uchafu wao. Kwa kijiji kama chetu, mtu kuonekana ana kunguni ni aibu, atajikuna kimya mwaka mzima. Na mimi nilikuwa najua.

Siku mbili nilinyamaza. Naliandika hili maana najua kuna msomaji yupo kwenye siku zake mbili sasa hivi, kwa jambo lingine kabisa. Siku ya tatu nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu: jamani, mzigo wa mashuka uliopita nililala nao gesti yenye kunguni Dar, aliyenunua aangalie kitanda chake, anayetaka kurudisha arudishe. Vidole vilitetemeka kubonyeza kutuma. Wanne wakatoka kwenye grupu bila neno. Mmoja akanitukana. Jumla zikarudi seti 11, za bibi zikiwemo, nikarudisha 209,000. Nikanunua dawa ya kupuliza kwa nyumba mbili zilizoathirika zaidi, 28,000. Kwa hiyo ile faida ya 240,000 ikabaki elfu tatu, na hapo sijatoa nauli, chakula wala zile nane nane za gesti. Yote hayo ili niokoe elfu thelathini na sita.

Sasa hebu tuongee kibiashara.

Kunguni si kama chawa, haishi mwilini mwa mtu. Anakaa kwenye mishono ya godoro, nyufa za kitanda, nyuma ya ubao, na anatoka usiku akifuata joto la mwili na hewa unayoitoa unapopumua. Mkubwa ni milimita tano hivi, bapa, anapenya mahali popote panapopitisha kadi ya simu. Jike hutaga mayai kila siku, kwa maisha yake anafika mamia. Na anaweza kukaa miezi bila kula. Sasa chukua begi la shangazi kaja lenye zipu iliyochoka, lijaze vitambaa vilivyokunjwa, liweke ubavuni mwa kitanda chake. Hiyo ni nyumba umemjengea. Muuzaji wa vyombo vya plastiki anaweza kupona kidogo. Sisi wa nguo, mashuka, mapazia, mabegi na viatu, tunambeba mpaka chumbani kwa mteja.

Waganga wanasema hajathibitika kueneza ugonjwa, na ni kweli. Lakini mteja hanunui shuka ili apate kitu ambacho hakiui.

Wala sisemi bei ndiyo dawa. Mwaka 2023 Paris yenyewe ilihangaika na kunguni, kwenye treni, kwenye majumba ya sinema, serikali ikakaa vikao huku Olimpiki ya 2024 inakaribia. Kunguni hasomi bango la bei. Dar nimeshalala kwa mama mmoja mtu mzima, elfu kumi na tano, choo cha nje, kuta zimechakaa, lakini shuka linanuka jua na godoro amelivalisha nailoni. Na kuna vyumba vya elfu arobaini vyenye televisheni ukutani ambavyo siwezi kulaza hata soksi. Ninachopinga ni ile imani kwamba chumba hakihusiani na mzigo. Kwetu sisi chumba ni stoo. Usiku ule kinahifadhi bidhaa ambayo nusu yake imeshalipiwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo siku hizi siulizi bei kwanza. Naomba kuona chumba. Nafunga na kufungua kitasa mwenyewe mara mbili. Nainua kona ya godoro, namulika tochi ya simu kwenye mshono na kwenye maungio ya kitanda. Nikiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, nashukuru natoka. Mhudumu akinuna, anune. Kama chumba kinauzwa kwa saa mchana, hapo napo natoka, maana kitanda kinachopokea watu sita kwa siku hakuna anayejua wameleta nini.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni kubadilisha mpangilio wa safari. Zamani nilinunua kuanzia siku ya kwanza, mzigo unalala na mimi. Sasa siku ya kwanza na ya pili nazunguka tu, naulizia bei, napiga picha, natuma kwenye grupu wateja wachague. Siku ya mwisho asubuhi ndiyo nalipa, nafungisha mzigo kwa nailoni palepale dukani, mkokoteni unaupeleka moja kwa moja ofisi ya mabasi ya mizigo, nachukua risiti. Mzigo haujui nimelala wapi. Nikifika nyumbani nguo zangu za safari hazigusi bidhaa, zinaingia maji ya moto kabla sijaketi, maana joto la nyuzi sitini linawaua pamoja na mayai. Dawa za kupuliza wengi wao wameshazizoea, msizitegemee peke yake.

Najua kuna atakayesema: dada, wewe una mtaji, mimi nina laki moja na nusu, elfu ishirini ya chumba naitoa wapi? Nimekuwa na laki na nusu. Jibu langu ni kwamba kwa mtaji huo usisafiri. Hesabu nauli kutoka Katavi kwenda na kurudi, kula, kulala, utaona safari inakula faida hata ukilala bure. Jikusanyeni watatu, mmoja mwaminifu aende, mchangieni nauli na chumba cha maana. Au nunua kwa wa jumla wa Mpanda kwa bei ya juu kidogo mpaka utune. Na hela ya chumba igawe kwenye bidhaa. Elfu sitini kwa seti 40 ni 1,500 kwa seti. Mimi nimepandisha bei kutoka 19,000 hadi 20,500 na nikawaambia sababu. Wawili tu ndio walioguna.

Wale wanne waliotoka kwenye grupu hawajarudi. Mmoja nakutana naye mnadani, tunasalimiana, anaangalia pembeni.

Safari ijayo ni baada ya mavuno. Elfu sitini ya chumba nimeshaitenga kwenye bahasha yake. Bibi ameagiza seti mbili tena. Kianzio amekataa kutoa, amesema mzigo ukifika nimwite, atakuja kuufungua yeye mwenyewe, uani, mchana wa jua kali, na miwani yake.