Kabla Hujabadilisha Nozeli, Lipia Kupimiwa

Kuna sentensi moja fupi iliyowamalizia watu wengi hela gereji: "Hii ni nozeli." Gari linatoa moshi mweusi, plagi zikifunguliwa zimejaa masizi, petroli inanuka hadi ndani, basi hukumu imeshatoka. Nozeli zikibadilishwa na moshi ukabaki, hukumu ya pili ni sensa ya oksijeni. Nayo ikibadilishwa, inafuata pampu. Hadi hapo mwenye gari ameshakopa kwa watu watatu, na moshi upo palepale.

Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, na likizo zangu nyingi nashinda gereji kwa mjomba. Kwa hiyo naomba nisisomwe kama mtu aliyekuja kuwatukana mafundi. Hoja yangu ni nyingine kabisa. Nasema tatizo la kubahatisha vipuri halianzi kwa fundi, linaanza kwetu sisi wateja, kwa sababu tunakubali kulipia kipuri lakini hatukubali kulipia kufikiri. Na sisi tunaokwenda kushika chaki tunaubeba ugonjwa huohuo hadi darasani.

Nichukue gari la tabo lililotyuniwa, maana ndilo linaloonyesha jambo hili vizuri. Subaru za tabo zilizotumika Japani tunazo mitaani, na wanachuo wenzangu wanazijua kwa mlio kabla hazijakata kona.

Kwanza hesabu. Ili petroli iungue yote na hewa iishe yote, unahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikipungua chini ya hapo, mafuta yamezidi, na yale yasiyoungua vizuri ndiyo yanayotoka kama moshi mweusi na masizi. Tusichanganye rangi: moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto mara nyingi ni maji ya kupozea yanaingia ndani. Mweusi ni mafuta.

Lakini hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye gari la tabo, mafuta kuzidi si lazima uwe ugonjwa. Tabo inapojaza hewa, joto na presha ndani ya silinda vinapanda, na mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ule mlio tunaouita kugonga. Injini ikigonga sana pistoni zinaharibika. Kwa hiyo anayetyuni anaongeza mafuta makusudi, uwiano unashuka hadi kati ya 11 na 12 hivi kwa 1, ili injini ipumue salama. Ukimpelekea fundi swali la "mafuta yanazidi?" jibu ni "ndiyo, na ndivyo inavyotakiwa." Swali lenye maana ni hili: je, mafuta yanazidi kuliko kompyuta ya gari ilivyoagizwa, na yanazidi wakati gani?

Jambo la pili, sensa ya oksijeni haioni petroli. Inaona oksijeni iliyobaki kwenye eksozi, basi. Plagi moja ikiacha kuwasha, petroli ya silinda ile inatoka mbichi, na hewa yake nayo inatoka bila kutumika. Sensa inakutana na oksijeni nyingi, inaripoti kwamba mafuta ni machache, na kompyuta kwa utii wake inaongeza mengine. Wewe unanusa petroli, mashine inasema mafuta hayatoshi. Eksozi ikiwa na tundu kabla ya sensa, mambo yanaweza kuwa hayohayo. Fundi anayesoma namba kwenye kimashine na kwenda dukani moja kwa moja hajapima gari, amesoma tu lalamiko la sensa. Tena sensa ya kawaida ya kiwandani inasema tu uko upande gani wa 14.7. Haikuambii kwa uhakika umezidi kiasi gani. Gari lililotyuniwa linahitaji sensa pana, ile inayotoa namba yenyewe hata ukifika 11 au 10.

Sasa nilete mfano niliouona kwa macho. Binamu yangu ni mpiga picha za harusi, na Forester yake ya tabo ndiyo inayombeba yeye na mitambo yake kila Jumamosi. Moshi ulipoanza, alikwenda gereji moja mjini, akabadilishiwa plagi, kisha nozeli, kisha sensa ya oksijeni. Hela iliyokwenda kwenye nozeli ilikuwa imetengwa kumlipia mdogo wake hosteli. Yule binti alianza muhula akilala kwa rafiki, vitabu chini ya kitanda cha mtu. Nalitaja hili kwa sababu tukizungumza magari watu wanadhani ni habari za wenye nazo. Kipuri kisichohitajika kina mtu anayekilipia, na mara nyingi si yule aliyeshika usukani.

Hatimaye gari likaletwa kwa mjomba. Hakugusa spana. Aliuliza:

"Moshi unatoka saa ngapi?"

"Ikishika tabo tu, mjomba. Nikikanyaga."

"Ikiwa imesimama inaunguruma?"

"Iko poa kabisa."

Kwa maswali hayo mawili nozeli zilikuwa zimeshatoka juu ya orodha. Fikiria mwenyewe. Nozeli inayovuja haisubiri ukanyage. Tena inaonekana zaidi gari likiwa limetulia, kwa sababu wakati huo injini inahitaji mafuta kidogo mno, kwa hiyo tone la ziada ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, mafuta yanayohitajika ni mengi na tone lilelile halitambuliki. Sensa ya joto la maji ikidanganya kwamba injini ni ya baridi, nayo ingeonekana hata gari likiwa limesimama. Hii ni hesabu ya asilimia, ya shule ya msingi. Ugonjwa unaotokea tabo ikishika tu, utafute kwenye mambo yanayobadilika tabo ikishika.

Akauliza la tatu: "Mlifunga nini kabla moshi haujaanza?" Binamu akatazama pembeni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ikabidi aseme: alifunga ile valvu ya kutoa pumzi, inayolia "pshuu" ukiachia mafuta.

Kwenye gari lile hewa inapimwa mwanzoni kabisa, kabla haijaingia kwenye tabo. Kompyuta inaandika daftarini: hewa kiasi hiki imeingia, toa mafuta ya kuitosha. Valvu ya kiwandani hewa ya ziada inairudisha ndani ya bomba, kabla ya tabo, izunguke tena. Ile ya "pshuu" inaimwaga nje. Hewa imeandikwa lakini haipo, mafuta yake yanakuja peke yake, ndiyo maana kila ukibadilisha gia gari linakohoa moshi. Hilo lilieleza nusu ya tatizo. Halikueleza moshi unaoendelea ukiwa bado umekanyaga.

Mjomba akaziba mdomo wa kuingizia hewa, akapuliza kwa kompresa presha ndogo tu, akamimina maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likachemka kwenye mpira wa intakula, jirani na valvu mpya. Aliyefunga valvu alilegeza klipu ya mpira na hakuirudishia sawasawa. Presha ya tabo ikipanda, mpira unaachia kidogo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatorokea hapo, na mafuta yake yanabaki bila mwenzi. Klipu ikakazwa, valvu ya zamani ikarudishwa, gari likapelekwa barabarani. Moshi ukaisha siku ileile.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Mjomba alipotaja bei ya kazi yake, binamu, ambaye alilipia nozeli bila kubishana, alishtuka: "Yaani klipu tu?" Wakavutana karibu robo saa. Mwishoni mjomba akafuta mikono na tambara, akasema taratibu, "Ndiyo maana wenzangu wanauza nozeli."

Hiyo sentensi ndiyo uchumi wote wa gereji zetu. Fundi akibadilisha kipuri kizima mbele yako, unaona kitu, unalipa. Akitumia saa moja kuuliza, kusikiliza na kupaka sabuni, unaona hajafanya kitu. Basi yeye naye si mjinga, ana watoto. Anajifunza kuuza kile unachokubali kununua. Mwaka ukipita, maarifa ya kupima yanachakaa kwa kukosa mteja.

Wapo watakaosema mafundi wengine ni wezi tu. Ni kweli wapo, kama walivyopo kwenye kila kazi. Lakini mwizi anastawi kwa mteja asiyeuliza "umejuaje?" Wapo pia watakaosema sensa pana na mashine za kupimia ni ghali, gereji ya chini ya mwembe haiwezi. Nakubali ni ghali. Ila ugonjwa wa binamu haukupatikana kwa mashine ghali. Umepatikana kwa maswali matatu, kompresa ya kujazia matairi na sabuni ya kufulia.

Na hili si suala la hela peke yake. Mafuta yakizidi kwa muda mrefu yanaosha oili kwenye kuta za silinda, yanashuka hadi kwenye sampo na kuifanya oili nyepesi kama maji, injini inasagika yenyewe kwa yenyewe. Masega ya eksozi yanapata joto kupita kiasi na kuharibika. Kaboni monoksaidi inaongezeka kwenye moshi, nayo haina harufu wala huruma, hasa kwa fundi anayefanya kazi kwenye banda lisilopitisha hewa. Kila wiki unayopoteza ukijaribu vipuri, injini inaendelea kuumia.

Sasa nirudi kwetu, wana elimu. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa darasa la kidato cha pili, na kulikuwa na kijana aliyekuwa akipata alama za kuhesabu kwa vidole katika Fizikia. Ofisini aliitwa mzembe. Dawa yake ilikuwa vipindi vya ziada na maswali zaidi ya yaleyale. Nilikaa naye na daftari lake nikamwuliza mjomba-mjomba: unapotea wapi? Kuelezea kani na mwendo alijua, tena kwa mifano yake mwenyewe. Alikuwa anakwama fomula inapotakiwa kugeuzwa, kwa sababu sehemu na mabano vilimpita shule ya msingi. Alama mbaya zilionekana kwenye Fizikia, uvujaji ulikuwa Hisabati. Maswali zaidi ya Fizikia yalikuwa nozeli mpya.

Na nani anamlipa mwalimu kwa kazi hiyo? Ukaguzi ukija unaulizwa azimio la kazi, andalio la somo, mada zimefika wapi. Hakuna safu ya kuandika "nimegundua vijana sita hawajui sehemu." Mwalimu aliyemaliza mada zote huku nusu ya darasa imebaki njiani anasifiwa. Aliyesimama wiki moja kutafuta tundu anaambiwa yuko nyuma. Ndiyo "klipu tu" ileile, imevaa tai.

Kwa hiyo nina mapendekezo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Mwenye gari, ukifika gereji kubaliana kwanza bei ya kupima, iwe peke yake, na uilipe hata kama ugonjwa ni klipu. Mwambie fundi kila ulichofunga na kila ulichotoa, hata kinachokuaibisha. Akitaja kipuri, mwulize kwa heshima: "Umejuaje, na kwa nini si kingine?" Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

Serikali yetu ya wanafunzi kila mwaka inaalika wageni kutuzungumzia mafanikio. Mwaka huu ialike fundi mmoja aje na gari bovu, atufundishe kutafuta ugonjwa mbele ya ukumbi, na alipwe posho kama wageni wengine. Na walimu wetu wa njia za kufundishia wangetupa angalau zoezi moja ambalo halitaki jibu sahihi, linataka tuseme mwanafunzi amepotelea wapi na tumejuaje, na lihesabiwe kwenye alama za kazi za muhula.

Wengi wetu tutamaliza chuo tukapangiwa shule zenye wanafunzi 80 darasani na vitabu vya kugawana. Vipuri vipya hatutakuwa navyo. Tutakuwa na maswali na masikio tu, na hivyo vinatosha kuanzia, mradi tujizoeze kuvitumia sasa na tujifunze kumlipa anayevitumia.