Nani Kamkataza Binti Ngoma?

Nimesutwa barazani. Niliwasomea wenzangu tafsiri yangu ya Drum Dream Girl, kitabu cha picha cha watoto alichokitunga Margarita Engle kwa ushairi na kukichora Rafael López, mwaka 2015. Kisa chake kimetokana na maisha ya Millo Castro Zaldarriaga wa Cuba, binti mwenye asili ya Kichina na ya Kiafrika, aliyetamani kupiga ngoma katika mji ulioamini kuwa ngoma ni za wanaume. Nilipomaliza, bwana mmoja akanikabili: "Unawafunza watoto wetu kuasi mila."

Mila ya nani, bwana wangu?

Nilipolifikia katazo lile, kwamba wasichana hawapigi ngoma, kalamu ilinigomea. Kwa Kiswahili maneno hayo hayakai. Ngoma kwetu si chombo tu. Ni uchezaji, ni wimbo, ni mkusanyiko wenyewe. Na katika unyago wapigaji ni wanawake. Mwanamume ndiye asiyekaribishwa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliwafunda wari kwa ngoma alizozipiga kwa mikono yake mwenyewe. Wengi wetu tumeoa katika nyumba zilizofundwa hivyo, wala hatukurudisha mahari.

Kinachotukera ni kingine, na afadhali tukitaje: mwanamke kushika ala mbele ya macho ya wanaume. Katika taarabu tulimwachia aimbe. Fidla, udi na kanuni tukazishika sisi. Ndipo kikundi cha Tausi, kilichoundwa hapa Unguja mwaka 2009, wanawake wakipiga ala wenyewe, kikaonekana kioja. Kioja kwa nani, ikiwa mikono ile ile huidundisha misondo?

Mimi nami nina ugomvi na kitabu, lakini si huo wa bwana yule. Mwishoni baba ndiye anayelegea, akamtafuta mwalimu wa kupima kama ngoma za bintiye zastahili kusikilizwa. Na mwalimu naye mwanamume. Hukumu yote mikononi mwa wawili hao! Ilhali bendi ya Anacaona ilianzishwa na dada yake Millo, Cuchito, mwaka 1932, baada ya masomo yake ya udaktari wa meno kukatika kwa kufungwa chuo kikuu chini ya utawala wa Machado. Bendi ile ilikuwa riziki ya nyumba. Dada hao wamo kitabuni, naam, ila wamepita upesi mno. Na mtoto wa kike asomaye angefaidika zaidi kuwajua wao kuliko kumngoja baba alegee.

Lakini mfasiri hana idhini ya kumsogeza baba kando, nami sikumsogeza.

Bwana yule ana mjukuu wa kike ambaye hamalizi kula bila kuigonga sinia. Nimempelekea nakala.