Kabla Uniulize Kuhusu Rimu za 18, Bushi Zako Ziko Aje?

Wasee wa Subaru, leo mtanichukia, na ni sawa tu. Kila wiki inboksi yangu inajaa swali moja: "Buda, GC8 inaweza beba rimu za inchi 18?" Hakuna mtu amewahi kuniuliza kama boli jointi yake ni nzima. Hata mmoja.

Jibu fupi: ndiyo, zinaingia. Jibu refu ndilo hamtaki.

Nianze na dhambi yangu. Impreza yangu ni WRX ya 1998, gari iliyonishinda umri. Ilitoka Japani na rimu za inchi 16, tairi 205/50. Mimi nikachukua pesa ya miezi minne ya kuhariri video za watu, nikanunua za 18 na tairi 225/40. Ikaonekana kama imesimama kwa vidole, juu juu hivi. Fundi mmoja akasema dawa ni rahisi, akatoa grainda, akakata koili moja na nusu ya kila springi. Dakika arobaini tumemaliza. Jioni nikapiga picha, mkapenda, mkaniita mfalme. Ile posti bado iko, sijaifuta.

Wiki ya sita natoka Thika na dadangu mdogo. Thika Road niko mia. Tukatokea Roysambu, tukaingia mtaani, nikapanda tuta polepole, nikasikia mlio kama sufuria imeanguka. Gurudumu la mbele kushoto likalala chini ya fenda. Boli jointi ilikuwa imechomoka. Tulikuwa na spidi ya mtu anayetembea, lakini dakika kumi kabla ya hapo tulikuwa kwa ile mia. Dadangu alikuwa anakula smoki. Alidhani tumepata pancha.

Najua mtasema boli jointi ilikuwa mzee. Kweli, ilikuwa mzee. Na hiyo ndiyo hoja yangu yote! Gari ya miaka zaidi ya ishirini, mpira wa bushi umekauka kama ngozi ya kiatu cha shule, halafu pesa ya kwanza tunayopata inaenda kwa kitu kinachong'aa.

Hesabu ni hii. Tairi ya 205/50 kwa rimu ya 16 ina ukuta wa mpira wa milimita 102. Huo ukuta ndio unakula shimo kabla shimo halijafika kwa chuma. Ukiweka 225/40 kwa 18 kama mimi, tairi nzima inakua kwa milimita 26 hivi: inasugua fenda ukipinda, na spidomita inakudanganya, ikisoma 100 wewe uko 104. Ukitaka urefu urudi pale pale unaenda 215/35, na ukuta unabaki milimita 75. Sasa niambie barabara ya mtaa wenu ilirekebishwa lini. Kile mpira haumezi kinaenda kwa bushi, kwa boli jointi, kwa shoki, na mwisho kwa mgongo wako.

Springi iliyokatwa nayo ni uongo mtupu. Inakuwa fupi na ngumu zaidi, lakini shoki bado ni ile ya urefu wa zamani, kwa hivyo inafanya kazi karibu na mwisho wake siku nzima. Ukiinua gari kwa jeki unakuta springi imelegea kwa kiti chake. Na hii ndiyo watu hukataa nikiwaambia: ukiishusha Impreza sana, mikono ya chini inapinda kuelekea juu, na gari inaweza kutaka kulala kwenye kona kuliko ilivyotoka kiwandani. Umelipa pesa ndio gari iwe mbaya zaidi.

Halafu mnaniambia mnataka sura ya reli. Reli gani? Impreza ilishinda Safari 1997 na Colin McRae, ikashinda tena 2000 na Richard Burns, na hakuna aliyeenda kwa zile barabara na gari inayobusu lami. Hata leo pale Naivasha magari ya WRC yanatembelea rimu za inchi 15 kwa changarawe. Za 18 wanawekea mbio za lami. Hao ni watu wa kubadilisha gurudumu bila kuuliza bei, na bado wanatumia ndogo.

Si ati nasema gari ibaki vile ilivyotoka melini. Hao wa "usiguse kitu" pia wananichosha. Badilisha, lakini anza chini. Bushi mpya za mikono ya chini, boli jointi, linki za stabilaiza. Shoki na springi zilizotengenezwa kuishi pamoja, au koilova za maana kama mfuko unaruhusu. Na simama hapo fundi akifanya: boliti za bushi za mpira zinakazwa gari ikiwa imekalia magurudumu yake. Akizikaza ikiwa inaning'inia, mpira unaishi umejipinda na utapasuka mapema. Mafundi wengi huruka hiyo, nimeona kwa macho yangu. Kisha alainmenti. Rimu baadaye, na 17 na 205/45 inatosha kabisa, ukuta unabaki milimita 92.

"Gari ni yangu, nitafanya ninachotaka." Sawa bro, na huyo amekaa kiti cha kushoto? Yule wa bodaboda anakuja upande ule mwingine?

Sisi wenye kurasa ndio wabaya zaidi. Picha ya rimu inapata maelfu. Video yangu ya kubadilisha bushi ilipata watu mia mbili, na mmoja wao alikuwa mamangu.

Zile rimu za 18 bado ziko chini ya kitanda changu. Kuna msee wa Kasarani amekuja kuzitazama mara mbili. Nilimtajia bei, nikamwambia pia aje na gari tuipige jeki, nishike gurudumu juu na chini nilitikise kwanza. Hajarudi.