Kijana wa Soweto West na mkasi wa jeni

Wasomaji wangu, leo naomba tuache programu kidogo tuzungumzie seli. Msishangae: jeni nazo ni maandishi ya herufi nne, A, C, G na T, na siku hizi zinahaririwa.

Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza kutumia mkasi wa CRISPR. Hutibu ugonjwa wa seli mundu: seli za shina za mgonjwa hutolewa, hukatwa jeni maabarani, kisha hurudishwa mwilini. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Ugonjwa huu umeenea sana magharibi mwa Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria, walikotoka wakazi wengi wa Kibera. Tukingoja wengine watutengenezee iliyo nafuu, tutangoja sana.

Basi kijana wa Soweto West anayetaka kazi hii aanzie wapi? Wengi watamwambia intaneti inatosha. Ni kweli nusu tu. Hifadhi ya jeni ya NCBI ni ya bure, na programu ya Galaxy ya kuzichambua pia ni ya bure. Lakini mimi nilijifunza kuandika programu kwa kukosea mara nyingi kila siku, na kosa halikunigharimu hata shilingi. Ukichafua sahani moja ya seli, kazi ya siku nyingi imekwisha na kemikali ghali zimepotea. Anayejifunza anahitaji meza ya maabara na mtu wa kumsimamia.

Meza hizo ziko jirani. KEMRI iko Mbagathi, pembeni mwa Kibera. ILRI iko Uthiru, si mbali na Kawangware. Tena Soweto West si wageni wa sayansi: tangu miaka ya 2000, KEMRI na CDC ya Marekani wamefuatilia magonjwa ya kuambukiza katika kaya za Soweto West na Gatwekera. Wazazi wamejibu maswali na kutoa sampuli.

Maoni yangu ni haya: maabara zetu zitenge kila mwaka nafasi chache kwa wanafunzi wa mitaa hii, pamoja na nauli na chakula. Nafasi isiyo na nauli humfaa mwenye nauli yake tu. Mtaa uliotoa damu ipimwe unastahili pia kutoa wapimaji.

Au nyinyi mwaonaje?